Walichukua Damu, Majibu Wakayafungia Kabatini

"...na hata kikaratasi! Kikaratasi tu wangetuma! Wapi!"

Fuatino alikuwa kasimama katikati ya nyumba ya kamati ya kina mama, na nyumba yenyewe haina kuta, kwa hiyo kijiji kizima cha Vaiolemu, huko Samoa, kilikuwa kinamsikia, mpaka waliokuwa wanapalilia magimbi huko juu mlimani.

"Miaka minne! Walikuja na makoti yao meupe, wakatupanga foleni, wakatutoboa vidole watu mia mbili. Utafiti wa sukari, wakasema, majibu yanakuja. Nani kayaona? Anyooshe mkono!"

Hakuna mkono uliopanda.

"Mama yangu Leitu alitobolewa. Akakaa anasubiri. Kakao yake anaendelea kuipiga vijiko vitano vya sukari, ukimwambia anakujibu, ningekuwa mgonjwa wale watu wangeniambia. Aliwaamini! Mguu ukaoza, ukakatwa. Mwaka haukuisha, tukamlaza pale." Akanyoosha kidole kwenye kaburi la vigae vyeupe, mbele ya nyumba yake. "Leo wamerudi. Damu hawaitaki tena. Sasa wanataka mioyo ya watoto wetu!"

Mgeni aliyekuwa anatukanwa alikuwa daktari mmoja kijana, Lusila, mzaliwa wa kijiji cha pili, aliyerudi na shahada kutoka ng'ambo. Alikuwa kakunja miguu mkekani, mashine yake ndogo ya kupima moyo iko pembeni.

"Mama Fuatino, mwaka ule mimi nilikuwa bado shule. Sikuwepo."

"Begi lako lina nembo gani?"

Lusila akaligeuza begi haraka. Kachelewa.

"Ile ile!" Fuatino akapiga makofi. "Hapa mtu akimuumiza mwenzake, ukoo wake wote unakuja alfajiri kukaa chini ya mkeka, wanaomba radhi. Hata ambaye hakugusa jiwe anakuja. Nyie mna nembo moja, mshahara mmoja, basi nyie ni ukoo mmoja. Mkeka wenu uko wapi?"

Kina mama wakacheka, mmoja akadakia, "Labda wanautafiti kwanza!"

Basi ikapita hivyo. Hakuna mtoto kupimwa. Na pale kamati ya kina mama ikisema imesema. Ndiyo inayokuja kukagua choo chako, shuka zako na mitungi yako, ukiwa mchafu unaaibishwa mbele ya kanisa. Hata wazee wenye vyeo wanawapisha.

Lakini nyumbani kwa mwenyekiti mwenyewe, Fuatino, kulikuwa na moto. Fuatino aliacha shule mapema, tangu hapo anaamka kabla ya jogoo kukaanga maandazi ya kuwauzia wanaopanda basi la kwanza. Mikono yake ina makovu ya mafuta mpaka kwenye viwiko. Ana mtoto mmoja tu, Lanuola, miaka tisa. Wiki ya tatu hiyo goti la Lanuola lilikuwa limevimba. Likapoa, kikavimba kifundo. Kikapoa, kikavimba kiwiko. Mama anamkanda kwa mafuta ya nazi, hamwambii mtu. Siku daktari alipofika kijijini alimficha shambani.

"Hasira zako ndizo zitamtibu?" mumewe Sakaria alimuuliza.

"Wee Sakaria, aliyezikwa pale ni mama yako?"

"Na anayeumwa humu ni mtoto wa jirani?"

Fuatino akamrushia mwiko.

Siku ya tatu baada ya mkutano, alfajiri, alitoka kuwasha moto akakuta watu wawili wamekaa uani, wamefunikwa mkeka laini, ule wa thamani, wa kuolea na kuzikia. Walikuwa Lusila na mjomba wake mwenye cheo. Vichwa chini. Mambo hayo si maigizo. Chini ya mkeka huruhusiwi kunyanyuka mpaka uliyemkosea akufunue, na akiamua kukuponda jiwe, hujitetei.

Fuatino akaanza kukaanga maandazi. Jua likatoka. Majirani wakajaa.

"Wafunue, mwenzetu," mmoja akanong'ona.

"Waache waive kwanza. Shelisheli mbichi haziliwi."

Mkono ukapenya chini ya mkeka, umeshika karatasi. Sauti ya Lusila ikasema, "Majina yote mia mbili. Nimeyatoa kwenye kabati lao. Walimaliza ripoti, wakafunga faili."

Fuatino akaipokea kwa vidole vya unga. Akatafuta kwa kidole, mstari kwa mstari. Leitu. Sukari kumi na tisa, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Pembeni kuna maneno ya kalamu, *apelekwe hospitali haraka*, na tarehe. Tarehe yenyewe ilikuwa siku tatu baada ya kutobolewa.

"Siku tatu," akasema taratibu. Halafu akapasuka: "Siku tatu! Walijua! Mama anapuliza kakao yake hapa, wao wanajua, wanaandika ripoti!"

Akaokota jiwe la jikoni. Watu wakashika vichwa. Mjomba chini ya mkeka akainamisha shingo zaidi. Hakukimbia.

Hapo Lanuola akatokea nyuma ya nyumba, kaja kuona kelele ni za nini. Ni hatua thelathini tu, lakini katikati ya uwanja akakaa chini, mdomo wazi, anavuta pumzi kama katoka mbio.

"Huyo anayehema ni nani?" Lusila akauliza kutoka gizani mwake.

"Nyamaza!"

"Nipige ukitaka, ila nijibu. Viungo vinamvimba? Maumivu yanahama? Leo goti, kesho kiwiko?"

Mkono wa Fuatino ukabaki juu. Habari ya kuhama hakuwahi kumwambia mtu, hata mkandaji. Na huyu hajamuona mtoto, kamsikia pumzi tu.

"Umejuaje?"

"Kwa sababu tumeshapima watoto wengi. Hiki ndicho nilichokuja kutafuta, mama. Ugonjwa unaanza kooni, unakuja kwenye viungo, unaishia moyoni. Nifunue nimwone."

Fuatino akatupa jiwe, akaushika mkeka kwa mikono miwili na kuunyofoa.

"Sijakusamehe! Inuka, mpime!"

Walimlaza Lanuola palepale kibarazani. Mashine ikaonyesha mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri, damu inavujia nyuma. Bado ni kidogo, Lusila akasema, ila apigwe sindano kila wiki nne, kwa miaka, na hatakiwi kukosa hata moja.

"Na majibu ya karatasi lini?"

"Haya hapa." Akayaandika kwa Kisamoa, akatia jina lake na la zahanati.

Mchana huohuo kamati ikabadilisha amri: watoto wote wapimwe. Ila kina mama wale wale wanaokagua vyoo wakakaa pembeni ya mashine, wanamkagua mtafiti. Jina la mtoto, karatasi mkononi mwa mama, ndipo anaitwa mwingine. Begi lenye nembo likawekwa chini ya kiti cha Fuatino, na lisingetoka Vaiolemu mpaka kila mama awe na karatasi yake. Watoto wengine watatu walikutwa na mioyo inayovuja.

Jioni Fuatino akarudia ile orodha ya zamani. Wengine sita walikuwa na maneno yale yale ya kalamu pembeni. Wawili wako makaburini tayari. Wanne aliwafuata nyumba kwa nyumba, anawasomea namba zao mlangoni, na kwa kila mmoja alisema hivi: kesho unapanda basi la kwanza na mimi, twende hospitali.

Nawe unayesoma hapa, usijidai umeelewa halafu ukalala. Mtoto wako akivimba goti, mpeleke leo, acha ubishi. Na kama uliwahi kutobolewa kwa utafiti ukaambiwa utapigiwa simu, usisubiri simu. Chukua jirani zako wote mliotobolewa pamoja, nendeni mpaka mlangoni kwao, kaeni hapo, msiondoke mpaka wawape majibu yenu mkononi.