Nguo za Mtoto wa Jamna

Mtaani kwetu Sur, huku Omani, kuna mtoto ambaye kwa miaka thelathini hajaongezeka hata kidole. Mama mdogo wangu, Bi Kudura, ndiye anayemshonea nguo, na jirani yetu Fakhriya alichelewa sana kujua habari zake. Kila akiingia kwetu alikuta kijikanzu cha urefu wa shibiri juu ya cherehani, akauliza cha nani, akajibiwa cha mtoto wa Jamna. Mwaka wa kumi hivi ulimi ukamtoka, akauliza kwa nini mtoto huyo hapelekwi hospitali. Mama mdogo akamwambia mtoto ni mzima, tena ana adabu kuliko wajukuu wa watu.

Mtoto mwenyewe ni sanamu ndogo nyeusi ya Krishna, mungu wa Wahindu, na anakaa katika chumba chake nyumbani kwa Bi Jamna, nyuma ya pazia. Jamna alizaliwa Unguja kama mama mdogo, akaolewa huku Sur na watu waliokuwa wakiuza vitambaa tangu enzi za mababu. Wakikaa wawili wanasema Kiswahili ambacho mimi nikijaribu wananicheka mpaka nahamia kwenye Kiarabu. Ndicho kilichowaunganisha, hicho na ubishi.

Kwa Jamna, mtoto yule haabudiwi tu. Analelewa. Asubuhi anaamshwa, anaogeshwa, anavalishwa kulingana na msimu, na misimu inayofuatwa ni ya kwao India, si ya Sur. Kwa hiyo Novemba ikifika, sisi tukiwa bado tunatokwa jasho, yeye anavishwa mahameli iliyotiwa pamba, na kiyoyozi cha chumba chake kinashushwa ili asiungue. Wakati wa mvua anavaa kijani, na mvua yenyewe hapa huja mara moja, ikajaza wadi, yale mabonde makavu, ikafunga njia, ikaondoka. Wakati wa joto ni pamba nyeupe laini. Diwali, sikukuu yao ya taa, ni zari. Halafu kuna ile sikukuu ya rangi, ambapo mama mdogo anashona nguo nyeupe kwa siku tatu ili wenyewe waimwagie rangi kwa makusudi. Kila mwaka anakasirika upya, anauliza kwa nini wasimfunge leso wakamaliza.

Lakini anashona. Wapo waliomuuliza, Mwislamu mzima, kama inafaa. Jibu lake ni moja: yeye anashona, kusali anasali kwake. Na kwa adabu yake mwenyewe hakuwahi kuchungulia nyuma ya lile pazia. Alikuwa akikaa sebuleni, akampa mgongo mtoto, akanywa chai. Vipimo alipewa zamani kwa chupa. Jamna alitafuta nyumba nzima kitu chenye urefu na unene wa mtoto, akapata chupa ya marashi ya Jabal Akhdar, akamkabidhi. Kila nguo ya mtoto yule imejaribiwa kwenye chupa hiyo, na haijavunjika mpaka leo, maana watoto wote wa nyumbani tumetishiwa nayo.

Matata yalianza mwaka jana, mikono ya Jamna ilipoanza kutetemeka. Kazi ya kumvisha mtoto ikamwangukia mkwewe, Bhavna, mwanamke wa mambo ya simu, asiyejua neno la Kiswahili. Bhavna akaanza kulalamika kwamba nguo zinabana mabegani. Mama mdogo alipoletewa habari hizo alitukana kwa lugha mbili. Miaka thelathini mtoto hajasema lolote, leo amepata mabega?

Bhavna hakubishana. Aliagiza India, kwa simu, sanduku zima la nguo za mwaka, zimekuja ndani ya plastiki, zinang'aa kama sufuria za aluminiamu. Jamna akamwomba mkwewe jambo moja: sikukuu ya kuzaliwa mtoto, mwezi wa nane, avae nguo ya Bi Kudura. Ikimkaa vizuri, Bi Kudura anaendelea. Ikiwa na kasoro, sanduku lifunguliwe na maneno yaishe.

Mama mdogo alisema haimhusu. Halafu akanunua hariri ya zafarani, akaikata mara mbili kwa sababu ya kwanza haikumridhisha, na wiki ile hakula chakula cha maana. Kwa bahati mbaya ilikuwa pia wiki ya kufungua shule. Mafundi wa Kibangladeshi sokoni huwa wanamletea mifuko ya dishdasha, kanzu za Kiomani, za wanafunzi azitie furakha, kile kishada cha nyuzi kinachoning'inia shingoni, kwani mkono wake katika furakha haupatikani kwingine Sur. Dishdasha za Waomani zinashonwa na Wabangladeshi, na mungu wa Wahindi anashonewa na bibi wa Kiomani. Anayetaka kuielewa nchi hii aanzie hapo. Alitia furakha mia moja na kitu, usiku na mchana, na katikati yake akamalizia nguo ya mtoto, akaikunja, akaifunga katika kitambaa safi.

Asubuhi ya sikukuu nilimpeleka kwa gari. Nikampa Bi Jamna shikamoo, akaitikia kutoka kwenye kiti chake, mikono imelala mapajani ikitikisika. Bhavna alikuwa ameshaoga na kujifunga sari mpya. Akapokea furushi, akalifungua, akainua nguo juu ili tuione.

Kwenye shingo ya nguo ya Krishna ilikuwa inaning'inia furakha.

Ilikuwa furakha nzuri, sitasema uongo. Nyuzi nyeupe na za dhahabu, imesokotwa, imepigwa fundo. Mama mdogo aliitazama kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu. Akaomba mkasi. Nikamnong'oneza kwamba imeshikana na kitambaa, akiikata, hariri itatoboka. Bhavna alikwenda ndani akarudi na lile sanduku la India, akaliweka mezani kwa upole uliozidi tusi.

Jamna akanyoosha mkono apewe nguo. Akaishika furakha kwa vidole vyake vinavyotetemeka, akaigeuza.

"Umeitia wewe, Bi Kudura?"

"Mkono wangu ndio umeitia. Mimi sikuwepo."

Jamna alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamgeukia mkwewe, akamwambia kwa lugha yao, halafu akaturudia kwa Kiswahili ili na sisi tusikie.

"Mtoto huyu nimemlea Sur. Wenzake wote wa mtaani wana furakha, kwa nini yeye akose? Leteni attar."

Bhavna akaenda kuleta attar, yale manukato ya mafuta. Furakha ikachovywa, kama ya bwana harusi. Kisha, jambo ambalo halijawahi kutokea, Jamna akasema pazia lisifungwe, Bi Kudura ageuze kiti chake amwone mtoto anayemshonea.

Mama mdogo aligeuka taratibu. Bhavna alikuwa anamvisha. Mkono mmoja uliingia, wa pili ukakwama, akavuta, akavuta tena. Hapo hata mimi nisiyejua kushona niliona. Mtoto alikuwa na mabega mapana, yamenyooka, mabega ya kijana anayepiga filimbi, ndivyo Krishna anavyochongwa. Chupa ya marashi haina mabega.

"Jamna," alisema mama mdogo, "miaka yote hii alikuwa anavaaje?"

Jamna akatazama mikono yake. "Nilikuwa nafumua mabega, natia kipande, nashona tena. Kila nguo. Sasa siwezi."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia, ungekasirika. Halafu usingekuja kunywa chai."

Mama mdogo akafungua mkoba wake akatoa futi ya kupimia, akampa Bhavna. Kwa Kiarabu chake cha amri akamwambia apime bega kwa bega, na shingo, na kwapa, asome kwa sauti. Bhavna alipima. Mama mdogo aliandika nyuma ya risiti. Kisha akaomba mkasi kwa mara ya pili, na mbele yetu akafumua mabega ya hariri ile, akatia vipande, akashona. Furakha hakuigusa. Nguo za kwenye sanduku Jamna aliamua kwamba zitafaa kwa kulalia.

Ndani ya gari mama mdogo alilia. Alisema amemkaba mtoto wa watu miaka thelathini, na yule mwanamke mjinga amekesha kufumua ili asipoteze mwenzake wa chai. Alimtukana Jamna mpaka tulipofika mzunguko wa sokoni, akijifuta machozi kwa shela. Kisha akaniambia nisimame. Kulikuwa na joto la kuyeyusha lami, naye akateremka kwenda kununua mahameli ya Novemba.