Kitambaa Chekundu cha Kabanga

Mwanangu aliyekuwa anapona ndiye aliyekaribia kunifia mikononi. Tena kwa dawa tuliyojua haimfai.

Nina mapasa, yaani mapacha, Mbuyi na Kabanga, wasichana wa miaka mitatu. Wanafanana hadi baba yao hubahatisha.

Tunakaa mtaa wa Bel-Air. Waliugua pamoja: Mbuyi mapafu, Kabanga malaria. Hospitali ikawalaza kitanda kimoja, kila mmoja upande wake, maana ukiwatenganisha, chumba kizima hakilali.

Nesi wa asubuhi, Léonie, akauliza kama kuna dawa inayowadhuru.

"Kabanga," nikasema. "Ampisilini inamuvimbishaka. Siku ile alikosa na pumuzi."

Akamfunga Kabanga kitambaa chekundu mkononi. Mwenye kitambaa hachomwi ampisilini; wa kuchomwa ni Mbuyi tu, kwa mapafu yake. Roho yangu ikatulia.

Mchana nikatoka kununua dawa, maana kwetu hiyo ni kazi ya anayeuguza. Watoto nikamwachia mama mkwe, Mama Germaine.

Niliporudi, Kabanga alikuwa amevimba midomo, macho yamefumba, anakoroma. Na watoto wote wawili walikuwa na kitambaa chekundu.

Nilipiga kelele. Daktari akaja mbio, akamchoma sindano ya kumwokoa. Tukasubiri. Niliogopa hata kumshika.

Alipoanza kupumua vizuri, nikamgeukia nesi wa mchana, Syntiche, aliyemchoma ampisilini. Nilikuwa na hasira ya kumng'ata mtu.

"Haukuona kitambaa?"

"Niliona, mama. Bote babili biko nayo. Nikazania ni mambo ya mapasa. Na sisi kwetu tunafanyaka vile, mumoja akivaa, na mwengine anavaa. Na huyu alikuwa analala fasi ya Mbuyi."

Kumbe walikuwa wamebadilishana upande wakicheza, na bibi yao yuko uani anapika uji.

Mama Germaine akakaa sakafuni.

"Ni miye nilifunga ya Mbuyi," akasema. "Alikuwa analia. Mapasa, haupatie mumoja na kuacha mwengine. Niliogopa atakasirika, arudie kule alitokaka, atufie."

Angefanya kwa ubaya, ningejua la kumwambia.

Akaomba mkasi. Akakata kitambaa cha Mbuyi. Mbuyi akalia, na safari hii bibi akamwacha alie.

Jamani, mgonjwa wako akifungwa alama, mweleze kila anayemkaribia, hadi anayempikia uji. Na wewe nesi, uliza jina kabla ya sindano, hata kama desturi unaijua. Syntiche hakuuliza kwa sababu aliijua. Mama Germaine hakuuliza kwa sababu aliwapenda.