Posa ya Mgawa Mpira

Jumapili baada ya misa nilimsindikiza kijana mmoja kupeleka posa mtaa wa Kitete, mimi nikiwa mshenga. Baba wa binti alimkagua kuanzia kichwani hadi viatuni.

“Ndiwe unayecheza mpira wa kikapu pale misheni?”

“Ndiyo, baba. Mimi ndiye ninayempa mpira mwenzangu yule mrefu, naye anafunga.”

Mzee akaweka kikombe chini. “Babu yangu aliongoza misafara hadi pwani, na ngoma ya kuongozea msafara hakumwachia mtu. Wewe mpira unao mkononi, unampa mwenzio! Na mke je, utampa nani?”

Mashangazi wakaangua kicheko, posa ikafia hapo hapo. “Niletee huyo mrefu,” mzee akaniagiza.

Jamani! Huyo mrefu mpira ukimfikia hautoki tena, hata wenzake walie. Sasa mzee wangu, akishika sahani ya ugali, binti yako atakula nini?