Rengganis Aifundisha Programu Kutoa Sababu

Rengganis, mwalimu wa hisabati tuliyefanya naye kazi mjini Bandung, alikuwa ametunga programu ya kompyuta akaigawa bure. Yeyote aliweza kuifungua, akaona ilivyoundwa na kuirekebisha. Unaiandikia unachotaka na masharti yako, karibu kama unavyosema, nayo inakutafutia mpango ulio bora kuliko yote. Wapanga ratiba za mabasi waliitumia. Ndugu zake walidhani anacheza.

Shangazi yake, Bi Entin, alipokuwa akimwoza binti yake, akaamua kuijaribu. Alitaka wageni wapangiwe meza, na waliokosana wasikae karibu. Rengganis akaandika masharti yote, akabonyeza. Kompyuta ikajibu neno moja: haiwezekani.

"Kwa nini?" akauliza shangazi.

"Haisemi, Shangazi."

"Hata marehemu mume wangu akininyima kitu alikuwa na sababu. Za uongo, lakini alikuwa nazo."

Rengganis alicheka, lakini maneno yale yalimkaa. Watumiaji wake walishalalamika vivyo hivyo, naye akiwajibu kwamba hesabu ndivyo zilivyo. Basi akaifumua sehemu nzima ya majibu, akaifundisha programu kuchambua masharti na kutaja yale machache yanayogongana.

Alipourudia mpango wa harusi, yote yaliyotajwa yalimhusu mgeni mmoja, Mjomba Ujang: akae karibu na chakula, awe mbali na mtalaka wake, Bi Iroh, na Bi Iroh ndiye apakue wali.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akampigia simu Ujang, akamtaka achague tumbo au ugomvi. Ujang akauliza kwanza:

"Wali ni wa liwet?"

"Wa liwet, wa viungo, na samaki wa ng'onda."

"Basi niweke hapo hapo kwenye sufuria."

Siku ya harusi Bi Iroh alimpakulia bila kumtazama. Ujang aliporudi kuongeza, Bi Iroh akamwuliza kama sukari yake ya damu imeshuka. Hawakurudiana, walizungumza tu, na watu wakajifanya hawaoni.

Rengganis akaitoa sehemu ile mpya kwa wote. Mtu asiyemjua, huko mji wa mbali wa Hue, akaitumia kupanga zamu za wauguzi, akamwandikia kwamba maelezo ni mazuri ila programu inasema "masharti yako yanapingana" kama hakimu. Wakabishana kwa adabu juu ya neno moja tu, "yanapingana", hadi Rengganis akashindwa, akakubali kulibadili. Alikuja kutusimulia huku anatabasamu, akaagiza chai.