Maziwa Yaliyorudishwa

Watu wa Masisi waliniita mnusa udongo, nami sikuwa na nguvu za kubishana nao. Juu ya barabara palikuwa na kituo cha mafuta kilichokwisha kufungwa. Mimi na wenzangu wa kazi tulikuwa tumezamisha mabomba marefu ardhini kukizunguka, na kila mwezi nilishusha ndani yake chupa nyembamba yenye kamba, nikavuta maji ya chini, nikayatuma Goma yakapimwe. Tuliogopa kwamba tangi lililozikwa pale linavuja, na esanse, petroli ya magari, inateremka polepole kuelekea chemchemi ya bondeni.

Majibu yalikuja barabara ilipotaka. Ikifungwa, chupa zililala njiani hadi zikaharibika, nami nikaanza upya. Nilitoka Walikale, msituni, na vilima hivi vilinimaliza magoti. Wanasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Mimi yangu ilinielemea. Hata pua ilichoka: kila kitu kilininukia esanse, pamoja na ugali wangu.

Chini kidogo ya kituo alikaa mama mmoja wa familia ya wafugaji, yeye na wajukuu wake. Maji ya kunywa waliyateka juu mlimani, mbali. Ya chemchemi ya bondeni yalikuwa ya kuoshea vyombo na kunyweshea ng'ombe. Kila asubuhi alimpelekea mtengeneza jibini maziwa yake, hadi siku yule bwana alipoanza kuyarudisha, akisema yananuka mafuta.

Wote walisema ni bidoni, lile dumu la plastiki alilobebea maziwa, na mimi nilikaribia kuamini. Huku kwetu bidoni ya njano ina maisha mengi: leo mawese, kesho esanse, keshokutwa maziwa. Kwa hiyo hakuna aliyeyatazama maji. Mama aliisugua bidoni yake kwa majivu na mchanga, akaianika juani, lakini maziwa yakarudi vilevile. Kwa wafugaji, kumwambia mwanamke kwamba maziwa yake yananuka ni kumwita mchafu mbele ya watu, na yeye aliumia hasa.

Asubuhi moja alinikuta penye bomba la mwisho. Alibeba chombo cha mti alichopewa na mama yake siku ya kuolewa, ambacho tangu kuchongwa hakikuwahi kutiwa kitu kingine ila maziwa.

"Papa, banasema niko muchafu," aliniambia. "Leo sikutumikisha bidoni. Nilisukula hii, nikaiosha muzuri na mayi ya kule chini, njo nikakamua ndani. Nusa."

Nikainama. Chombo kama kile hufukizwa kwa moshi wa majani, na moshi ulikuwamo. Lakini chini yake palikuwa na kitu kingine, na hata pua yangu iliyochoka ilikitambua.

"Mama, haiko bidoni," nikasema. "Iko mayi."

Akacheka. Akageukia wanawake waliokuwa wakipita barabarani, akawapazia sauti bila haya: "Munasikia? Haiko miye. Iko mayi." Wakasimama kumsikiliza. Mmoja akaja kumshika mkono, akamwambia pole. Kwa mara ya kwanza tangu nifike pale niliifurahia kazi yangu, nikasahau magoti.

Kisha nikamweleza lililobaki: asiwanyweshe tena ng'ombe pale, asisuuzie chombo chochote, na maziwa yale yasinywewe na mtu.

Kicheko kikaisha. Alikaa kwenye jiwe, chombo mapajani.

"Ile yenye alikuwa anarudisha," akasema, "nilikuwa napatia batoto. Kila asubui. Banasema iko harufu ya bidoni tu. Nikaona si muzuri kumwanga maziwa."

Mmoja wa wale wanawake akaanza kuondoka taratibu.

"Itabafanya nini?"

"Sijue, Mama. Tutatuma hii maziwa Goma, tutangoja majibu."

Sote wawili tulijua kwamba barabara ilikuwa imefungwa tangu Jumapili. Alinitazama bila hasira, na nadhani hasira ingekuwa nyepesi zaidi kwangu.

"Kule Goma," akauliza, "banapimaka na batoto?"

Nikamjibu kwamba kazi yangu mimi ni maji tu. Jibu lilikuwa la kweli, na niliona aibu kulitoa.