Darubini ya Pipa na Dirisha la Mama Wambui

Jioni moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Ni jioni ambayo keyateka, msimamizi wa ploti yetu kule Huruma, alisimama mlangoni pangu, majirani nyuma yake, akaniambia niibadilishe darubini yangu ama nihame. Jibu nililompa nitalifikia. Nakusimulia leo kwa sababu umenionyesha kwenye simu yako darubini unayotaka kununua, nyembamba, inang'aa, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara mia sita, nami nimecheka mpaka chai imenimwagikia. Usiudhike. Keti hapa karibu na mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nikifuma sweta za shule katika karakana moja ya mtaa wa Baba Dogo, kwa mashine ya kusukuma kwa mkono, mbele na nyuma mchana kutwa. Mimi na kaka yangu Njuguna tulipanga chumba kimoja katika ploti ya vyumba vinavyotazamana, ua katikati, bomba moja, na kamba za nguo juu ya vichwa vyetu. Mama yetu alibaki Murang'a akilima. Mama huyo hakutia mbegu ardhini kabla ya kukitafuta Kilimia, kile kishada cha nyota kinachowaambia wakulima mvua iko wapi. Nilipokuja mjini nilikuta kila kitu kina mwenyewe: ardhi, maji, hata ukuta wa kuegemea. Anga peke yake ndilo ambalo hakuna aliyelizungushia ua, nikasema basi hilo ni langu kama lilivyo la mwingine yeyote.

Nikaweka akiba. Kila mtu alijua ni ya cherehani, maana msichana fundi wa sweta ataweka akiba ya nini tena? Mimi nilinyamaza tu, nikawaacha wajue wanavyojua.

Siku ikafika. Mzee mmoja mstaafu wa Eastleigh alikuwa akihamia kwa mwanawe Mombasa, akiuza vyombo vya nyumba, na kati ya vyombo hivyo zilikuwamo darubini mbili. Nilikwenda na Njuguna alasiri moja, nusu ya mwezi ikiwa tayari inaonekana upande wa mashariki. Darubini moja ilikuwa ndefu, nyeupe, nyembamba, miguu yake mitatu ya chuma inang'aa. Ya pili ilikuwa nene, nyeusi, imekwaruzwa, imekalia kisanduku cha mbao. Njuguna hata hakungoja nipumue.

"Sista, wachana na hiyo. Hiyo ni pipa ya maji! Chukua hii ingine, iko smati. Hata ukiiweka tu juu ya kabati, watu watajua uko na kitu."

Nikamwuliza mzee ipi inakuza zaidi. Akaguna. "Usiniulize inakuza mara ngapi, binti. Kukuza, hata kitako cha chupa hukuza. Niulize inakusanya mwanga kiasi gani."

Akatufafanulia, na wewe sikiliza vizuri. Ile nyembamba ilikuwa na lenzi ndogo mbele, nawe unatazamia nyuma, jicho na bomba vikielekea upande mmoja. Ile nene haikuwa na lenzi mbele. Mdomo wake ulikuwa wazi kama sufuria isiyofunikwa. Chini kabisa mlikuwa na kioo kilichobonyea kidogo, kipana kama kisahani cha kikombe. Mwanga wa nyota unashuka mpaka kwenye kioo hicho, unarudishwa juu ukiwa umekusanyika, kisha kijikioo kingine kilichoinamishwa kinautoa ubavuni. Kwa hiyo mwenye darubini ya kioo hatazamii nyuma. Hutazamia ubavuni, karibu na mdomo wa juu. Lishike hilo, mwanangu, maana ndilo lililoniletea balaa.

Mzee alituacha tujaribu zote mbili. Katika ile nyembamba mwezi ulitetemeka kila nilipopumua, kwa sababu miguu ile ya kung'aa haikuwa na nguvu ya kubeba kitu, na ukingoni mwake palikuwa na utando wa zambarau ambao mwezi hauna. Katika ile nene mwezi ulitulia. Ukiisukuma inakwenda, ukiiacha inakaa. Nikaona milima na vivuli vya milima, nikaona mashimo ndani ya mashimo, na machozi yakanitoka mbele ya kaka yangu bila haya. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Cherehani ikafia papo hapo.

Tuliipakia kwenye mkokoteni, Njuguna akitembea mbali nami makusudi asijulikane kuwa ni ndugu yangu. Njiani waliniuliza kama ni chombo cha kupikia pombe ya chang'aa. Nikawajibu kwamba ndiyo, na waje Jumamosi.

Sasa ua wetu ulikuwa finyu. Huku bomba, huku kamba za nguo, huku majiko ya watu. Nafasi ya kuweka darubini ilikuwa moja tu, na ukisimama hapo ulitazamana na dirisha la Mama Wambui, mwanamke mwenye sauti na mume mpole. Mwezi ukiwa utosini baada tu ya jua kutua, bomba la darubini husimama wima kabisa, na tundu la kutazamia linabaki limelala ubavuni, usawa wa kifua. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimeinama natazama mwezi. Mama Wambui, akiwa ndani kwake, alimwona msichana asiyeolewa ameinama, jicho moja limefumbwa, la pili limekodolea dirisha lake jioni baada ya jioni.

Penye wengi pana mengi. Kwanza alitundika blanketi dirishani. Kisha bombani wakaanza kunyamaza nilipofika na ndoo yangu. Kisha nikaambiwa kwamba pipa langu linapenya pazia, kwamba namchungulia mume wa mtu akioga, kwamba huenda nimetumwa. Nilijaribu kueleza juu ya kijikioo kilichoinamishwa, wakaangua kicheko. "Lisemwalo lipo," alisema Mama Wambui, "kama halipo laja." Methali hiyo siipendi mpaka leo. Imekwisha kuwafunga watu wengi wasio na hatia, na yeyote anayeitumia nikiwapo hunisikia.

Lakini wakati ule nilinywea. Niliisukuma darubini chini ya kitanda nikaifunika magunia. Jioni nikawa naketi mlangoni, mikono mapajani, nikiutazama mwezi kwa macho matupu.

Aliyenipasha ni Bi. Mwanaisha, bibi wa asili ya Pwani aliyeuza mahamri mlangoni pake. Kila mwezi mpya alisimama uani baada ya kuswali magharibi akiutafuta mwezi mwandamo kwa macho yake, na hakuna aliyewahi kumwuliza anamtazama nani. Siku hiyo nilikwenda kununua mahamri, naye hakunipa.

"Lile dude lako li wapi?" aliniuliza.

"Nimeliweka ndani, Nyanya. Watu wanasema."

"Umeliweka au umelificha?"

Nikajifanya nahesabu senti za mahamri.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Ulikuwa ukitazama mbingu mbele ya watu, peupe. Sasa umelificha ndani, na kila anayesema ulikuwa ukichungulia ana ushahidi, na aliyempa ushahidi huo ni wewe. Nani alikufundisha kuomba radhi kwa kosa usilolitenda? Hebu ondoka mlangoni pangu. Mahamri yangu hayaliwi na waoga."

Niliondoka nikilia kwa hasira, na hasira yenyewe nilijionea mimi mwenyewe. Usiku huo nikamwapia Njuguna kwamba nusu ya mwezi ikirudi utosini, nitaitoa tena uani.

Kumbe Njuguna, kwa kutaka amani, alikuwa amekwenda kwa keyateka wetu, Bwana Mutiso, akamweleza kwamba yule mzee wa Eastleigh bado hajahama na ile darubini nyeupe bado ipo. Ile ambayo jicho na bomba huelekea upande mmoja! Kila mtu angeona kwamba natazama juu, nongwa ingekwisha, na mimi ningebaki na nyumba. Ndiyo sababu jioni ile ya Jumamosi walikuja mlangoni. Nusu ya mwezi ilikuwa imerudi utosini.

"Sikiza, Nyokabi," alisema Bwana Mutiso. "Mwenye nyumba amesema hii kitu inaleta vita kwa ploti. Rudisha uchukue ile ingine ya kuangalia juu. Ama mwezi ikiisha utafute nyumba."

"Ni kubadilisha tu, sista," Njuguna alisema taratibu. "Si hata ile nyeupe ni darubini?"

Waliniacha nifikirie, wakidhani nafikiria. Kuhama pale kulikuwa kurudi Murang'a, maana mshahara wangu haukuweza kupanga kwingine peke yangu. Na kubadilisha kulikuwa rahisi mno. Ningepata chombo kibaya ambacho majirani wanakielewa, nikatoa chombo kizuri wasichokielewa. Nikamtazama Mama Wambui, amefunga mikono kifuani pale dirishani pake.

"Sibadilishi," nikasema. "Na kama nitahama, nitahama mchana nikiwa nimeibeba kichwani, kila mtu aione. Njuguna, shika upande huo."

Sijui kwa nini alishika. Labda ni sauti ya mama aliyoisikia ndani ya sauti yangu. Tuliitoa, tukaiweka palepale, mbele ya dirisha lilelile, nikaisimamisha wima, nikautafuta mwezi mpaka ukaingia katikati. Kisha nikasogea pembeni.

"Bwana Mutiso, wewe ni mtu mzima na una mke. Weka jicho uniambie unamwona mume wa nani."

Watu wakasogea karibu. Bwana Mutiso alivua kofia, akainama, akafumba jicho moja, la pili akalielekeza moja kwa moja kwenye dirisha la Mama Wambui. Mama Wambui akapiga ukelele.

"Mutiso! Ata wewe? Unachungulia nini kwangu?"

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Bi. Mwanaisha alishika mbavu. Lakini Bwana Mutiso hakucheka wala hakuinuka. Alikaa vile, ameinama, mpaka kicheko kikapungua chenyewe.

"Mama Wambui, nani anakuangalia wewe?" alisema, jicho bado limebanwa pale. "Huku kuna milima."

Mama Wambui akatoka. Alikuja kwa hasira, khanga imefungwa kiunoni kwa vita, akamsukuma keyateka, akainama. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akilikodolea dirisha lake mwenyewe, na blanketi lake lilikuwa pale pale, halikuonekana hata uzi wake. Alikaa zaidi ya Mutiso. Alipoinuka, sauti yake haikuwa ile ya bombani.

"Umeuweka kichwa chini," aliniambia.

"Kioo huuleta hivyo, Mama. Milima ni ileile."

Hakuniomba radhi, nami sikungoja. Habari ya kuhama haikurudi tena. Jumatatu blanketi lilikuwa limeshuka dirishani, na jioni yake nilimkuta akiisogeza kamba yake ya nguo, akinung'unika kwamba inaziba upande wa Kilimia.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukienda kununua darubini, usinunue namba iliyoandikwa kwenye sanduku. Uliza upana wa kioo. Iguse miguu yake, na ikitetemeka, iache hata ikipambwa vipi. Usiwasikilize watakaokwambia watu wa Huruma hawana haja na nyota. Siku hizi taa za mulika mwizi, zile za milingoti mirefu, zimezila nyingi, lakini mwezi bado hauwezi kulika. Na ukishachagua kilicho bora, usikibadilishe kwa kibaya eti kwa sababu kibaya kinaeleweka. Wakisema unachungulia, usikimbilie chini ya kitanda. Toka nacho uani, ukiweke palepale walipokuona, kisha usogee pembeni uwape nafasi waweke jicho.

Mungu akupe kioo kipana na mkono usiotetemeka. Akupe pia jirani mwenye mdomo, maana bila Mama Wambui nisingejua kuwa naweza kusema "sibadilishi". Sasa weka hiyo simu, unisaidie kuitoa ile nyeusi nyuma ya kabati. Wewe shika upande wa juu, mimi nitashika wa kioo.