Jumatatu Niliyotakiwa Kuripoti Chuo cha Mifugo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fagio, ndoo ya maji na kuku aliyekufa. Fagio na ndoo vilikuwa vya duka. Kuku alikuwa wa mteja mmoja aliyekuja naye amemfunga kwenye gazeti, akamweka juu ya kaunta kama mtu anayerudisha kiatu kisichomtosha, akauliza, "Huyu kafa na nini?" Mzee Sefu, mwenye duka, akanigeukia. "Wewe binti si umesema unataka kuwa daktari wa mifugo? Haya, mpeleke uani. Kisu kipo dirishani."

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Duka lilikuwa Mchafukoge, hatua chache kutoka kwenye msongamano wa Kariakoo, na lilikuwa likiuza dawa za mifugo, vyakula vya kuku na vifaranga vya siku moja vinavyoletwa kwenye maboksi yenye matundu. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule mwezi huohuo, kwa sababu mkubwa nilikuwa mimi, na nyuma yangu kulikuwa na Rajabu na Mwajuma. Wazazi wetu walitoka Lindi. Ndugu waliokuja msibani walirudi Lindi, sisi tukabaki na chumba chetu cha kupanga Magomeni.

Hamu ya kutibu wanyama ilinianza mapema. Mama alikuwa akifuga kuku uani, na siku tatu zilitosha kuwamaliza wote kwa mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri. Bwana mifugo alifika siku ya nne. Alimpasua mmoja mbele yetu, akatuonyesha madoa ya damu kwenye tumbo dogo linalotangulia firigisi. Watoto wenzangu walikimbia harufu. Mimi nilisogea. Shuleni nikawa wa kwanza kwenye somo la baiolojia, na mwalimu aliponiuliza nitakuwa nani, nilimjibu bila kufikiri. Darasa zima lilicheka, maana wenzangu walitaka kuwa marubani.

Basi siku ile ya kwanza nilimpasua yule kuku wa mteja juu ya ubao. Mwisho wa utumbo wa kuku kuna vifuko viwili virefu vilivyoziba upande mmoja. Vya huyu vilijaa damu. Nikarudi dukani nikasema, "Mzee, huyu ana kuhara damu. Wenzake wabadilishiwe maranda ya kulalia, yale ya zamani yameloa." Mteja akamtazama Mzee Sefu. Mzee Sefu akamtazama mteja. "Umesikia alichosema daktari," akasema, na kazi ya uani ikawa yangu.

Vijana wa sasa wanapiga picha ya kuku kwa simu na kuituma. Wakati wetu kuku alipelekwa dukani mwenyewe. Kwa siku nilikuwa napasua watano, sita, na kila nilichokiona nilikichora kwenye daftari. Nilijifunza kwamba kinyesi cha kijani na shingo iliyopinda ni dalili za mdondo, na kwamba vipele vya ndui ya kuku huanzia kwenye upanga wa kichwani. Nilijifunza pia kukaa peke yangu. Ukishinda na mizoga, watu hawakai karibu nawe wakati wa chakula cha mchana. Wachuuzi wa jirani waliniita Mama Mizoga, nami niliitika.

Mkubwa wangu wa pili kazini hakuwa wa duka. Alikuwa daktari wa mifugo kutoka ofisi ya serikali, aliyekuja kila Alhamisi kukagua maduka kama letu. Sisi tulimwita Daktari tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye viatu vilivyong'aa hata wakati wa masika. Alilikuta daftari langu juu ya ubao, akalifungua ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama.

"Umesoma wapi haya?"

"Hapa hapa, Daktari."

"Kidato cha ngapi?"

"Cha pili. Niliacha."

Akafunga daftari. "Ukipata cheti cha kidato cha nne, barua ya kukupeleka chuo cha mifugo nitaiandika mimi. Usiponiletea, usinisumbue."

Nilisoma masomo ya jioni kwenye darasa moja la kukodi karibu na Msimbazi, miaka mitatu, nikitoka kazini na harufu yangu ile. Nilifanya Mtihani wa Maarifa, ambao ni mlango wa waliokatisha masomo, kisha nikafanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilifaulu baiolojia na kemia vizuri, hisabati kwa kuponea chupuchupu. Daktari aliandika barua. Chuo kilijibu kwamba nimechaguliwa, kozi ya miaka miwili, huko bara. Rajabu alikuwa amemaliza shule na kupata kazi ya udereva, akasema, "Dada, nenda tu, mimi nitamwangalia Mwajuma." Mzee Sefu alinipa koti jeupe. Nililijaribu mbele ya kioo cha mama mwenye nyumba nikiwa nimefunga mlango, kwa aibu.

Jibu la chuo lilifika siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, na hapo ndipo inapoanza sehemu ambayo sijawahi kuiandika.

Chanjo ya mdondo ya wakati ule ilikuwa kidonge kikavu ndani ya kichupa, na ndani yake kulikuwa na virusi hai vilivyodhoofishwa. Ilitakiwa ikae kwenye baridi tangu kiwandani mpaka kwa mfugaji. Mteja asiyekuja na chupa ya chai yenye barafu hakuuziwa. Friji letu tulilijaza chupa za maji yaliyoganda, tukazipanga kuzunguka chanjo, ili umeme ukikatika baridi isitoke. Kipimajoto kilining'inia ndani, nami nilikuwa nikikisoma asubuhi na jioni na kuandika namba kwenye daftari. Jambo moja kila muuza chanjo alilijua: chanjo iliyokufa haibadiliki rangi wala harufu. Iliyo hai na iliyokufa zinafanana kama pacha.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia kwenye joto na mgao wa umeme. Jirani wa duka la vitenge alikuja saa nane mchana na jagi la juisi ya ukwaju. "Zena mdogo wangu, nihifadhie ka-juisi kangu. Adhana tu nakachukua." Unamkataliaje mtu aliyefunga? Kesho yake akaja na wenzake wawili, mmoja na juisi ya embe, mwingine na bakuli la tende. Majagi hayakuenea. Nikazitoa chupa za barafu, nikayaingiza. Mlango ukawa unafunguliwa na kufungwa mchana kutwa, umeme haupo, na akili yangu ilikuwa imeshahamia chuoni. Jioni moja nilikisoma kipimajoto nikakuta joto limepanda kupita kiasi kinachoruhusiwa. Niliona. Nikafunga mlango nikajiambia, umeme ukirudi patapoa. Wakati wa kuandika niliandika namba ya asubuhi.

Baada ya Idi alikuja Mama Chiku, mjane wa Magomeni aliyefuga kuku mia mbili nyuma ya nyumba yake na kuendesha maisha kwa hao. Alikuja na mmoja ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mdogo wangu, wanaanguka kama maembe. Na chanjo niliwapa, tena ile uliyoniuzia wewe. Nadhani niliichanganya vibaya. Maji yangu yale yana dawa ya kusafishia, labda yameiua."

Nilimpasua. Madoa ya damu yalikuwa palepale kwenye tumbo dogo. Nilijua kabla sijanyanyua kisu.

Mzee Sefu alinifuata uani akaniona nimekaa. Nikamweleza yote, majagi na kipimajoto. Alipangusa kofia yake kwanza. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi, wewe na Mungu."

"Basi mwanangu, nyamaza. Mama Chiku nitamtafutia vifaranga vingine. Wewe Jumatatu unakwenda chuo. Ukifungua mdomo, Daktari ataiondoa ile barua, na mimi nitafungiwa duka. Utakuwa umemsaidia nani?"

Hakuwa mtu mbaya. Aliyasema hayo kwa sauti ya mzazi, na ningetaka sana kumtii.

Siku ya pili yake ilikuwa Alhamisi. Daktari alipofika nilimwamkia, "Shikamoo," na kabla hajamaliza kusema marahaba nikaanza. Alinisikiliza akiwa amesimama, kama alivyosoma daftari.

"Uliuza vichupa vingapi vya siku hizo?"

"Thelathini na kitu."

"Majina ya walionunua?"

"Sina majina, Daktari. Najua sura zao na nyumba zao. Wengi niliwapelekea dawa mwenyewe."

"Kwa hiyo hakuna mtu mwingine anayeweza kuwafuata."

"Hakuna."

Alivua miwani akaifuta. "Barua yangu siiondoi. Iliandikwa kwa haki. Chuo kinafungua Jumatatu, na wao hawangoji mtu. Kuku ambao hawajaugua bado wanaweza kuchanjwa upya. Kila siku inayopita wanapungua. Sitakuamulia."

Jumatatu niliyotakiwa kuripoti ilinikuta Kigogo, na kikasha cha barafu begani. Nilikuwa nagonga hodi, nasalimia, nasema, "Chanjo niliyowauzia ilikuwa imeharibika, na kosa ni langu. Nimekuja kuchanja upya." Mzee mmoja alinifukuza: "Mnatuuzia maji ya rangi halafu mnakuja kwa adabu! Toka hapa!" Nikatoka, nikasubiri nje ya uwanja wake mpaka aliponiita kwa hasira nimalize nilichojia. Mama mwingine aliangua kicheko. "Ile dawa? Mbona iko juu ya kabati, sijaifungua." Nyumba nne nilikuta mabanda yameshafagiwa, matupu. Huko hakuna aliyenitukana. Walinikaribisha kiti, na hilo lilikuwa gumu kuliko matusi. Kwa Mama Chiku walibaki kuku kumi na mmoja. Aliniambia, "Ungenyamaza ningejilaumu mpaka kufa," kisha hakununua tena kwetu.

Kazi hiyo ilinichukua karibu mwezi. Mzee Sefu hakunisemesha wiki nzima, lakini kila asubuhi nilikuta barafu imeshawekwa kwenye kikasha. Daktari alilifungia duka kwa siku kadhaa, akalifungua, na amri yake ikabandikwa juu ya friji: chakula na vinywaji marufuku. Nilikiandikia chuo. Walijibu kwamba nafasi yangu amepewa mwingine, niombe mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata Rajabu alivunjika mguu kwenye ajali, na Mwajuma alikuwa kidato cha pili, darasa lilelile nililoliacha mimi. Nilisema hataliacha. Baadaye niliomba mara moja tena, sikujibiwa. Wadogo zangu niliwaambia chuo ndicho kilichoghairi. Wanaamini hivyo mpaka leo, na sikuona faida ya kuwabebesha.

Daktari alihamishwa. Alipokuja kuaga alinipa mkono, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Mzee Sefu alifariki, duka likashikwa na mwanawe, aliyekuwa na heshima lakini akili yake ilikuwa kwenye simu za mkononi. Kisha sheria ikataka kila duka la dawa za mifugo liwe na msimamizi mwenye stashahada. Akaletwa binti wa miaka ishirini na minne, ametoka chuo kilekile. Huyo ndiye mkubwa wangu wa mwisho. Mwezi wa kwanza alikuwa akinivizia wateja wakiondoka, ananiuliza kwa sauti ndogo, "Bi Zena, uliona nini mle?" nami namfundisha.

"Hiki kiti kingekuwa chako," aliniambia siku moja.

"Kaa mwanangu. Kiti kinataka cheti, mimi nina mgongo tu."

Tulicheka. Nilipokwenda uani kunawa nilikaa huko muda.

Sikuolewa. Alikuwepo mmoja aliyetaka, lakini alitaka niache kazi ya mizoga, na wakati huo nilikuwa na ada za Mwajuma. Rajabu yuko Mwanza na watoto wake wakubwa. Mwajuma ni muuguzi Mtwara. Wananipigia Idi, na wakati mwingine katikati. Nilistaafu kwa soda na keki dukani, nikarudi Magomeni kabla ya alasiri, nikashangaa jinsi mchana ulivyo mrefu.

Mwanafunzi atakayesoma haya, mwenye hamu kama niliyokuwa nayo, asidhani namtisha. Kazi hii ni nzuri. Bado naota nikiwa nimeshika kisu na najua ninachokitafuta. Kama ungeniuliza ningefanya nini Alhamisi ile kwa mara ya pili, ningefanya lilelile, na ningelia vilevile. Hayo mawili hayajawahi kupatana ndani yangu, na nimeacha kuyapatanisha.

Mwaka jana nilipanda basi asubuhi nikaenda kukiona chuo. Sikumuaga mtu, maana hakuna wa kumuaga. Getini nilisimama upande wa kivuli. Wanafunzi walikuwa wanatoka bandani na mabuti ya mpira, makoti yao yana matope, wanabishana juu ya ng'ombe aliyegoma kusimama. Wakanipita, "Shikamoo mama," "Shikamoo mama," nami marahaba kwa kila mmoja.

Mlinzi akanisogelea. "Karibu mama. Umeleta mtoto kuripoti?"

"Hapana, ni mimi niliyechelewa kuripoti," nikasema.

Akaniangalia vizuri, kutoka kwenye ukaya wangu wa kichwani mpaka kwenye viatu. Nilidhani atacheka. Alikwenda kibandani kwake akaleta kiti cha plastiki, akakipangusa kwa mkono, akakiweka ndani ya geti.

"Basi kaa kidogo huku ndani," akasema. "Jua kali hapo nje."

Nikaingia, nikakaa.